Mpira wa Chini wa Rejeta

Katika duka la spea la baba yake walimwita Mama Mipira, ingawa hakuwa na mtoto wala hakuwahi kuulizwa kama jina hilo lilimpendeza. Alilipata kwa kazi. Mtu akija na kilio cha gari linalochemsha, hakukimbilia rafu. Aliomba kwanza mpira wa zamani, ule bomba wa kupitisha maji ya rejeta, akautia kidole mdomoni, akaufuata kona kwa kona mpaka apate pacha wake. Kisha akauminya. Mpira wa juu wa rejeta ukichoka, aliwaambia wateja, utapasuka mbele ya macho yako. Wa chini ni mnafiki: pampu inavuta maji, na mpira ukiwa laini unabonyea ndani na kuziba njia, halafu ukizima injini unarudi ulivyokuwa, kama si wenyewe uliokuchemshia gari.

Miaka kumi na saba alisimama nyuma ya kaunta ile. Miguu ya baba yake mzee ilipokataa, funguo zikaenda kwa mdogo wa kiume wa Mama Mipira, ambaye hakujua mpira wa rejeta na wa hita unatofautianaje. Mzee alisema duka ni la ukoo, na binti ni wa kuolewa. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Mdogo wake akaleta mipira inayong'aa, laini kama sikio. Siku moja dereva wa lori la maziwa alitaka wa chini. Mama Mipira akauminya, kuta zikakutana bila ubishi. Akamnong'oneza avuke barabara, ajaribu duka la pili. Kesho yake yule dereva, mtu wa watu, akarudi kumshukuru, mbele ya mdogo wake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mdogo mtu alisema taratibu. "Sikujua ni wewe, dada."

Mzee alipoletewa habari hakuuliza kama mpira ulikuwa mbovu. Aliuliza kwa nini amemwaibisha nduguye. Binti akaambiwa asirudi dukani. Alipoomba kazi ng'ambo ya barabara, mwenye duka alimsifu sana, kisha akasema aliyewageuka wa kwao atamgeuka na yeye. Akahamia kwa shangazi yake, akawa anashona mifuko.

Miezi ikapita. Gari la mzee likachemsha akipelekwa kliniki, mara ya tatu, na mara zote mpira ulitoka dukani kwao. Safari hii mzee alimtuma mtu amwite.

Alikwenda. Alichuchumaa kwenye gereji, akautazama mpira uliobonyea, akaenda lile duka la ng'ambo ya barabara akachagua mwingine, mgumu, wenye waya wa springi ndani. Fundi akafunga. Injini ikanguruma nusu saa, mshale wa joto ukatulia katikati.

Mzee akashusha kioo. "Umeona, fundi? Ukiwa na kijana mwenye duka la spea, hukwami."

Fundi akainamia bisibisi zake. Mama Mipira alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba, usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto."

"Hayo mwambie mdogo wako. Yeye ndiye anayenishughulikia."

Gari likatoka gerejani. Hakuna aliyemuuliza Mama Mipira anaelekea wapi, ingawa njia ya gari na ya kwa shangazi ilikuwa moja.