Nyumba za Mzee Nyaya

Siku nne nzima Mzee Nyaya aliugeukia ukuta. Si kwamba ukuta ule ulikuwa na cha kutazamwa. Ulikuwa na kalenda ya mwaka juzi na msumari usio na kazi. Lakini mtu aliyekufa moyo hachagui pa kutazama, na fundi umeme huyu mstaafu alikuwa amekufa moyo hasa.

Jina la Nyaya alipewa na wateja. Kwa miaka arobaini alizipitisha ndani ya kuta za watu, na akimaliza chumba huoni hata alama ya patasi. Uhodari huo ndio uliokuja kumnyima usingizi uzeeni. Nani atajua, siku mtu anapotoboa ukuta atundike kabati, kwamba nyuma ya plasta pale pana waya wenye moto? Ramani hakuwahi kuchora. Zote zilikuwa kichwani.

Basi maradhi yalipomjia ghafla, yakamchukua mkono na mguu wa kulia na maneno yote mdomoni, aliinua kidole cha kushoto akaionyesha kompyuta. Mkewe, mpiga chapa ambaye mtaa mzima humwita Mama Taipu, akamfungulia ukurasa mtupu. Kwa kidole hicho kimoja mzee akaanza kuandika nyumba. Nyumba ya mshona viatu: chumba cha mbele, waya unashuka kushoto kwa mlango, shibiri mbili. Nyumba ya wakunga wawili: jikoni usitoboe popote juu ya sinki. Alikuwa akifumba macho, anaingia nyumbani kwa mtu bila hodi, anapapasa kuta kwa akili tu, kisha anatoka na kuandika mstari mmoja. Kazi ya miezi kumi na moja, nyumba sabini na kitu. Siku aliyoandika vizuri hata chakula alikula kwa hamu.

Halafu kompyuta ikaamua kujisasisha. Mashine hizi zina kiburi chao; hazikuulizi kama una nafasi. Mzee alibonyeza palipoandikwa ndiyo, skrini ikageuka bluu, na yeye akasinzia kitini akiisubiri. Mama Taipu alipita hapo akielekea sokoni, kitambaa kichwani, kikapu mkononi. Aliyaona maandishi makubwa meupe: usizime. Aliyasoma kabisa. Lakini mumewe alikuwa amemkaririsha miaka arobaini kwamba haondoki mtu nyumba hii akaacha soketi inawaka, na mkono wake ukatii kabla kichwa hakijamaliza kusoma. Ta! Alipofika kwa muuza mchicha ndipo alipokumbuka.

Akarudi mbio, hata mchicha hakununua. Mzee alikuwa ameshaamka, ameshaiwasha tena, anabonyeza kila kitufe. Skrini nyeusi, vidoti vinazunguka, inajizima, inajiwasha, vidoti tena. Akakiinua kidole chake, akakitazama kama anayemtazama mwizi, akakikalia. Alidhani ni yeye.

Na Mama Taipu akanyamaza. Tuseme ukweli, aliogopa. Mwanamke aliyewapigia chapa mawakili na wachungaji, asiyekosea hata nukta, ulimi ulimwia mzito mbele ya mume asiyeweza hata kumgombeza. Kila asubuhi alijiambia leo nasema, na kila jioni akalala nalo kifuani.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, akaja mtoto wa kaka yake, binti mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta, ambaye kwa upole wake walimbandika jina la Barafu.

“Shikamoo Shangazi. Shikamoo Mzee.”

Mzee aliitikia kwa kichwa, uso bado uko ukutani.

Barafu akaihamishia kompyuta kwenye meza ya chakula, akaiwasha, akaizima, akaguna. “Ilikatikia njiani, Shangazi. Nusu yake mpya, nusu ya zamani, na hazijuani. Ndiyo maana inazunguka tu.”

“Na nyumba je?”

“Nyumba gani?”

“Maandishi ya Mzee, mwanangu. Hayo ndiyo ninayoyataka. Mashine hata uitupe.”

“Basi tuokoe kwanza, kutibu baadaye.” Akachomoa mfukoni flashi aliyoitayarisha kibandani, akaichomeka. “Hii ina programu yake ya kuwashia. Tutaingilia mlango wa nyuma, tuchukue vitu vya Mzee, ndipo tuirudishe ilivyokuwa kabla ya kusasishwa. Ikigoma, itabidi kufuta kila kitu na kuanza upya.”

Skrini ikawaka. Kabrasha la mzee likapatikana, na mstari mdogo wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia tatu. Asilimia nne.

Ilikuwa ile saa ya mchana ambayo hata nzi hupumzika. Pazia lilijaa upepo, likapwaya, likajaa tena. Mama Taipu aliketi akiziangalia namba, na namba zikamchukua taratibu, akawa si wa macho wala wa usingizi. Alijiona anatembea mtaani pasipo na mtu. Kuta zote zilikuwa nyepesi kama karatasi ya kunakilia, na ndani yake nyaya zilionekana, nyekundu na nyeusi, zinashuka, zinapinda, zinavuka juu ya milango. Akaingia kwa mshona viatu. Akapita kwa wakunga. Kila chumba alichokanyaga taa iliwaka yenyewe, na kila taa ilipowaka alisikia pumzi ya mumewe, ile pumzi yake ya kupanda ngazi akiwa na koleo mdomoni. Asilimia arobaini. Hamsini na tano. Alikuwa na raha kiasi kwamba alisahau kuogopa. Kisha nyumba ya mbele yake ikabaki giza, na iliyofuata, na iliyofuata.

Akafumbua macho. Sitini na tatu. Namba ilikuwa imekwama.

“Diski imeumia kidogo hapa,” Barafu alisema, bila haraka. “Tuisubiri. Ila niambieni, umeme ulikatika, au kuna mtu alibonyeza kitu?”

Kule ukutani, Mzee Nyaya akakichomoa kidole chake chini ya paja. Polepole akakiinua juu kama mwanafunzi anayekiri kosa.

Mama Taipu hakuweza kukivumilia kidole kile.

“Kishushe, Mzee,” alisema. “Kishushe. Ni mimi. Nilizima ukutani nikienda sokoni. Nilisoma kabisa kwamba usizime, nikazima. Siku zote hizi nakuangalia unaumia na nimefunga mdomo. Nisamehe mume wangu.”

Mabega ya mzee yakaanza kucheza. Mama Taipu alidhani analia, akainuka amwendee, ndipo akasikia sauti, kavu, ya kukwaruza, kama bawaba iliyokosa mafuta. Alikuwa anacheka. Miaka arobaini ya kuhubiri soketi, na mwanafunzi wake kafaulu siku isiyotakiwa! Alicheka mpaka machozi, akausukuma ukuta kwa mguu mzima, kiti chake cha magurudumu kikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akawatazama.

“Sitini na nne,” alisema Barafu.

Zilizobaki zilikuja kwa kusuasua, lakini zilikuja. Kazi ya kuirudisha mashine nyuma ilimaliza mchana uliobaki. Ilizimika na kuwaka mara tatu, na mara ya tatu vidoti havikuonekana. Barafu akafungua maandishi, akashuka hadi ukurasa wa mwisho.

“Soma, Shangazi, Mzee asikie kama imefika yote. Ya mwishoni ndiyo huwa inapotea.”

Mama Taipu akavaa miwani. Juu ya ukurasa paliandikwa: Nyumba yetu. Akasoma kwa sauti. Chumba cha kulala, waya juu ya dirisha. Jikoni, waya nyuma ya rafu, usiguse. Kisha: “Meza ya mke wangu. Soketi ingetakiwa ikae karibu na mlango, mita mbili zingetosha. Nilizungusha waya ukuta wote, mita tisa, hadi upande wa barabara, kwa sababu”

Hapo maneno yaliishia. Zaidi ya hapo ukurasa ulikuwa mweupe.

“Yamepotea?” Barafu aliuliza.

Mzee alitikisa kichwa, akaashiria asogezwe. Wakamsogeza. Mama Taipu, ambaye huwamalizia watu sentensi zao kabla hawajazitamka, safari hii alikaa kimya mikono mapajani. Kidole kikapaa juu ya herufi, kikasita, kikatua. Kikapaa tena. Ilichukua muda mrefu, na pazia lilijaa na kupwaya mara nyingi.

Kwa sababu ulisema unataka kuona watu wakipita.

Mama Taipu aliyasema hayo mara moja tu, nyumba haijapigwa plasta, naye mwenyewe alikuwa amesahau.