Kitambaa cha Kichwa Mkononi mwa Shija

Ninyi vijana mnaokwenda machimboni na simu mfukoni, na ninyi wa kwaya mnaovaa sare hata siku za kazi, nawaandikia ninyi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Nikikosea herufi msinicheke, shikeni jambo lenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuosha dhahabu, na niliifanya mpaka magoti yakakataa. Kuna kitu cha kazi hiyo ambacho mpaka leo sikielewi, na nimekiombea sana.

Nilianza upande wa Kharumwa. Mume wangu alikuwa amefariki, ameniachia mapacha, Kulwa na Doto, ndiyo maana naitwa Mama Kulwa. Siku ya kwanza nilipokelewa na mwenye karasha, yaani mwenye mashine ya kusaga mawe. Alikuwa mwanamke mnene, sauti imekwaruzwa na vumbi. Jina hakuniuliza.

"Unajua kuinama?"

"Mimi mkulima. Najua."

"Kulima unainuka ukichoka. Hapa ukiinuka ovyo dhahabu imeondoka na maji."

Akanifundisha siku hiyohiyo. Mawe yakitoka kwenye duara, ndilo shimo la wachimbaji, yanasagwa mpaka yawe unga. Unga unaumwaga juu ya mwalo, ubao mrefu ulioinamishwa na kutandikwa zulia. Unapitisha maji polepole. Mchanga unakimbia, dhahabu kwa uzito wake inabaki imeng'ang'ania kwenye nyuzi. Zulia unalisuuza ndani ya beseni, unatia zebaki ikusanye punje, unakamua kwa kitambaa, donge linalobaki linachomwa. Zebaki tuliishika kwa mikono mitupu. Msituige. Vidole vyangu sasa vinatetemeka hata kushika kikombe.

Siku ile niliogopa. Nikakaza kitambaa changu cha kichwa, kile cha bluu cha akina mama wa kanisani, nikafumba macho mbele ya mwalo, nikasali kwa sauti.

"Unaongea na nani?" mwenye karasha akauliza.

"Na Mungu."

"Mwambie na pampu imeharibika."

Wakacheka wote. Mimi sikuacha. Mchungaji wetu alikuwa ametufundisha kwamba imani si nguo ya Jumapili. Mtu akukute kazini kwako ajue wewe ni wa nani. Nililichukua neno hilo kama lilivyo. Kila asubuhi kitambaa cha bluu, kila asubuhi sala ya sauti kabla ya ndoo ya kwanza. Na kucha nilizikata mpaka kwenye nyama, kwa sababu waoshaji wengine walikuwa wanaficha punje chini ya kucha. Nilitaka mtu akitazama mikono yangu asiwe na swali.

Baadaye nikahamia kwa wachimbaji wadogo wa upande wa Bulyanhulu. Huko bosi wangu alikuwa msimamizi wa maduara, mtu mrefu, mwenye haraka, kofia haimtoki kichwani. Haikupita muda wachimbaji wakaona kitu: kiroba cha mawe kikioshwa na mimi kinatoa dhahabu nyingi kuliko kikioshwa na mwingine. Sababu mimi niliijua. Sikuwa naiba. Wao wakasema ni maombi.

Ningewaambia. Kwa nini sikuwaambia? Nimejiuliza sana. Kwanza nilipenda kuitwa kila mahali, nisidanganye. Pili nilichanganyikiwa. Kama kutoiba kwangu kumetoka kwa Mungu, na dhahabu imetoka kwa kutoiba, basi je, hawakusema kweli?

Asubuhi moja msimamizi akaja na wachimbaji wanne, mmoja kabeba kuku.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu Kisukuma kwa heshima, mayu ndiyo mama. "Tunafungua duara jipya. Tunaomba uje ulisemee."

"Na huyo kuku?"

"Mganga huwa tunampa mweusi. Wewe ni wa Yesu, tumekuletea mweupe."

"Mimi si mganga!"

"Tunajua, mayu. Ndiyo maana mweupe."

Nikamkataa kuku, nikaenda kusali. Nikaona nikikataa na sala pia nitakuwa nimemwonea Mungu aibu. Nikasimama mdomoni mwa duara nikaomba uhai wa watu, dhahabu sikuitaja. Nilipofumbua macho kuku ameshachinjwa, damu ipo pembeni ya shimo. Mchana wakaniletea paja na ugali. Nikala. Hilo nalo silielewi, kwa nini nililila.

Kati ya wale wanne alikuwepo Shija, kijana wa watu, ameoa mwaka huohuo, mchapakazi, mwenye utani. Alinifuata kwenye mwalo.

"Mayu, nipe kipande cha kitambaa chako."

"Cha nini?"

"Nikikiona nikumbuke kusali. Kule chini giza, mtu anasahau hata jina lake."

"Si uwe unakuja kanisani?"

"Kanisani mnaimba nyimbo ndefu, mayu. Kipande tu."

Nikacheka. Nikachana upindo wa kitambaa, nikampa.

Sasa sikilizeni habari ya matimba. Matimba ni magogo ya kukinga kuta za duara zisianguke. Duara likienda chini bila matimba, udongo unawasubiri. Siku chache baada ya sala ile magogo yalikuwa bado hayajafika. Mimi nilikuwa hatua ishirini tu, nasuuza zulia, nikasikia Shija anauliza, "Mkuu, matimba je?" Na msimamizi akajibu, "Mayu si ameshaomba? Shuka." Shija akacheka, akainua mkono wenye kitambaa, akashuka. Nami nilisikia. Niliinua kichwa, nikainama tena. Maji yalikuwa yanapita kwenye mwalo.

Jua halijafika utosini ukuta ukaanguka.

Walimtoa mchana yuko hai, mguu wa kulia umesagika. Mwili wote rangi ya udongo, isipokuwa pale kwenye kifundo cha mkono, bluu yangu.

Hospitali walimkata mguu. Nilipokwenda kumwona akanishika mkono. "Mayu, kitambaa chako kimeniokoa." Mke wake alikuwa amekaa chini, hakuniamkia. "Kimemponza," akasema. "Bila hicho angeogopa kama watu wengine." Msimamizi alikuwa mlangoni, kofia mkononi, mara ya kwanza namwona kichwa wazi. "Maombi yamefanya kazi," akasema. "Pale hakuna anayetoka hai."

Nikampelekea mchungaji habari hiyo. Nilitaka anikemee. Akasema, "Mama Kulwa, watu waliiona imani yako." Nikamwambia, "Baba mchungaji, waliona kitambaa." Akaniombea tu.

Nikaondoka, nikaenda Geita kuosha kwa mwenye karasha mwingine, mzee mpole asiyekosa ibada. Huko nikaamua kujificha. Kitambaa nikaacha nyumbani, sala nikasali moyoni, mdomo umefungwa. Mwezi haujaisha yule mzee akaniita pembeni, uso umemwiva kwa aibu.

"Mama Kulwa, waliokujua huko ulikotoka wanasema ulikuwa unasali. Siku hizi husali. Wanauliza, umeanza kuiba?"

Bebe! Nilikaa juu ya ndoo, nikacheka mpaka nikalia. Nikisali waziwazi mtu anakatika mguu. Nikisali kimya mimi ni mwizi. Kesho yake nikavaa kitambaa, kile chenye upindo uliochanika, nikasali kwa sauti. Ila nikaongeza jambo. Kila mchimbaji aliyeleta kiroba nilimuuliza mbele za watu, "Duara lenu lina matimba?" Kama hana, mawe yake siyaoshi. Walinitukana. Mmoja aliniita polisi wa magogo. Yule mzee mpole alinitetea, Mungu ambariki.

Sasa nakaa Kalangalala, Geita hapahapa, kwa Doto, sifanyi kazi. Shija naye yupo mjini hapa, anashona viatu, huja na magongo yake kunisalimia, na kile kipande bado anakivaa. Nimemwambia akivue. Anakataa. Mimi naona kilimshusha shimoni, yeye anaona kilimtoa. Mnaojua Maandiko kunizidi, nisaidieni. Ninalolijua kwa hakika ni moja: nilisikia akiuliza matimba, nikainama tena. Siku ile imani yangu ilikuwa kichwani, imefungwa vizuri, na mdomo wangu ulikuwa kimya.

Juzi wamekuja watu watatu na pikipiki, wamefungua duara, wanamtaka mayu anayeomba. Nilikuwa nimelala, wakasema watarudi. Nilipoamka nikamwita Doto, mkewe, na wajukuu wote, nikawasimamisha ukumbini. Nikawaambia: watu hao wakirudi, wapeni maji ya kunywa, halafu wapeni shoka. Wakakate magogo, wayasimamishe, mmoja wenu aende akayatikise kwa mikono yake. Akirudi kuniambia yamekaza, ndipo mniletee kitambaa changu.