Jiko Halijaribiwi kwa Chai

Wiki jana nilipita Kabiria, pale bondeni tulipokuwa tukichimba udongo, nikakuta tingatinga linapakia lori. "Hii udongo ni mbaya, madam," fundi msimamizi akaniambia. "Haiwezi beba ghorofa. Lazima itoke yote." Nilicheka, rafiki yangu, lakini roho iliniuma. Udongo mbaya, na ndio ulionilea!

Mama alikuwa akikandika majiko. Ukiwa na jiko la bati linalokula makaa, ulimletea, naye akalipaka udongo ndani, mnene, utunze joto. Kutoka Kabiria hadi Satellite, hata Woodley kwenye nyumba za vigae, githeri ya mahindi na maharagwe ilichemkia kwenye kazi ya mikono yake. Sisi watoto tulichekecha jivu, tukalikanyaga pamoja na udongo mpaka tope likapenya kati ya vidole. Kisha mama alisokota kipande kama kamba, akakizungusha kidoleni. Kikipasuka, tunaanza upya.

Mwaka nilioingia darasa la sita alinipa jiko nilikandike peke yangu. Halafu akanitajia mwenye jiko: jirani yetu kutoka magharibi mwa nchi. Wateja wengine walichemsha tu. Yule alisonga ugali wa nyumba nzima, akiegemea mwiko kwa mabega yote, na udongo wa mafundi wengine ulikuwa umembomokea.

"Jiko halijaribiwi kwa chai," mama alisema. "Likipasuka, ni jina langu limepasuka."

Nilipomaliza kulikandika, nililiweka kivulini, chini ya kitanda, likauke polepole, na kila asubuhi nikachungulia nyufa. Siku ya siku tukasimama mlangoni kwa jirani, tukimtazama akisonga. Sufuria ikayumba, miguu ya jiko ikakwaruza sakafu, nami nikashika sketi ya mama. Jirani alipoipua, aliinama akatazama ndani ya jiko. "Haki huyu msichana wako ni fundi," akasema, akatukatia ugali na sukuma wiki. Sijala ugali mtamu kama ule tena. Mama hakunisifu, alinipa tu jiko lingine.

Sasa bonde linajazwa kokoto, na watakaoishi juu yake watapikia gesi. Sina neno, hata mimi napikia gesi, na majiko yetu sijui yaliishia wapi. Lakini siku ile ya tingatinga niliomba bonge moja la udongo nikampelekea mama. Macho yake yamefifia, vidole bado. Akalisokota, akalizungusha kidoleni; halikupasuka.

"Huu," akasema, "unauweza ugali."