Siku Papa Alipofunga Ekzosi ya Makelele

Mume wangu alishasema: papa akiharibu kazi moja tena, anapumzika. Atakaa nyumbani, atakunywa chai, basi. Papa ni baba yangu mzazi, fundi wa magari tangu kule kwetu Kindu, na hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka yeye na mume wangu wana gereji yao chini ya mabati, mbele ya mlango wetu. Shida ilikuwa masikio. Mume wangu alidai mzee hasikii tena, na fundi asiyesikia moteri ya gari ipo siku ataua mtu. Mi nikamjibu vibaya. Nikamwambia kazi hiyo anayoringia alifundishwa na masikio hayo hayo. Nina mdomo, najua, na siku ile niliutumia wote.

Lakini moyoni niliogopa. Vita ilimchukulia papa nyumba, duka, na mama yetu. Ukimtoa gerejini unamwachia nini? Mkeka na kobazi.

Wiki ile ile akaja kijana mmoja kutoka Lilongwe na gari la spoti, jekundu, milango miwili, limekaa chini mpaka barabara yetu ilikuwa imelikwangua tumbo. Kwenye kiti cha nyuma alibeba ekzosi mpya ya kutolea moshi, ya bei chee, inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Alitaka gari lingurume. Mchumba wake alikaa mtaa wa Kauma, na yeye alitaka akipita huko bantu wote watoke nje. Alisema kwa Kichewa, mume wangu akamtafsiria papa kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Nikamkata jicho.

Papa alicheka mpaka akashika kiuno. "Ng'ombe hazeeki maini," alisema. "Hata mi, ningekuwa na gari kama hii zamani, ningepita nayo kwa mama yenu."

Akaanza kama anavyoanza siku zote, kwa kuisikiliza moteri kabla ya kugusa kitu. Zamani aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni. Siku ile nilimwona ameuma mpini kwa meno, macho ameyafumba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema sikio limejaa vumbi la Dzaleka. Nikageuka kuangalia kama mume wangu ameona.

Wakalipandisha gari juu ya magogo, mume wangu akakata bomba la zamani. Kumbe ile ekzosi mpya haikutengenezewa gari hilo. Matundu ya bolti hayakulingana, na katikati ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Kitu cha bei rahisi njo kinakusumbua, ndicho hicho! Mume wangu akataka kijana airudishe mjini. Papa hakuwa na habari naye. Aliingia jikoni kwangu, akatoka na kopo la mafuta ya msaada, lile ninalowekea maharagwe, na maharagwe ameyamwaga juu ya meza.

"Papa! Kopo yangu!"

"Ba msaada bataleta ingine," akasema, na tayari mkasi ulikuwa unakata. Kambini hakuna kitu kinachotupwa, bati lile limeziba mapaa, limekuwa taa, limekuwa gari za batoto. Papa alilikunja mara mbili, akaligonga taratibu, akatoa pete ya kukaa kati ya bomba na ekzosi. Matundu akayapanua kwa tupa. Ilipoingia, ilikaa sawasawa. Nilimpenda papa saa ile kama zamani nilipokuwa mtoto, nikimpelekea chakula gerejini. Nikamwangalia mume wangu kwa jeuri: haya, sema sasa.

Papa aliwaachia bolti za mwisho, akaenda nyuma ya nyumba kutawadha, maana alasiri ilikuwa imefika. Gari likashushwa chini. Kijana akaingia, akawasha.

Mungu wangu! Kuku walikimbia wote. Mama Mnyarwanda, jirani yetu anayeuza nyanya, aliziba masikio, akatutukana kwa Kinyarwanda chote alichonacho, kisha akaanza kucheka. Mabati yalitetemeka. Kijana alikuwa anapiga usukani kwa furaha, akishukuru, "Zikomo! Zikomo!", na mguu hautoi kwenye mafuta.

Papa akatokea kwenye kona, anajifuta maji viwikoni. Akasimama karibu na mlango wa gari. Akatutazama mmoja mmoja, anatabasamu.

"Haya, muwashe basi," akasema. "Mbona munaniangalia tu?"

Moteri ilikuwa inanguruma vile vile. Nilimgeukia mume wangu, nikasubiri aseme neno lake, kwa sababu sasa alikuwa amenishinda.

Hakunitazama. Alimwambia kijana azime, atoke. Akakaa yeye kwenye usukani, akamwinulia papa mkono kama mtu anayesema angalia sasa, akawasha, akakanyaga mpaka mwisho. Ardhi ilitikisika chini ya kandambili zangu. Papa akaweka kiganja juu ya paa la gari, akafumba macho.

"Ah! Njo ile yenyewe!"

Mume wangu akazima. Alishuka, akamshika papa bega, akainama sikioni kwake. Macho ya mume wangu yalikuwa mekundu.

"Kesho kuko moteri ingine, papa!" akapaza sauti. "Tutaifanya mi na wewe!"

Papa akamsukuma kidogo. "Acha makelele," akasema. "Mi nasikia."