Ganda Lililonasa

Juzi niliona kwenye simu video ya mtu akijaza upya maganda ya risasi nyumbani kwake, nikakasirika upya kama mtoto.

Baba alikuwa dereva wa bwana mmoja Mwarabu wa mtaa wa Al Thumama aliyependa kulenga shabaha. Ijumaa hiyo baba alikuwa ameahidi kunipeleka Kornishi, kutembea ufukweni, nami nilikuwa nimeshavaa gauni langu la njano. Bosi akamwita gereji amsaidie kidogo. Mle ndani mlinuka grisi na udi. Mezani palikuwa na mashine yenye mpini mrefu. Nikadhani ni ya kukamua machungwa, nikakaa kusubiri juisi.

Mpini ukagoma. Ganda la shaba lilikuwa limenasa ndani ya tundu la chuma. Leo najua hawakulipaka mafuta ya kutosha. Walivuta, wakagonga, wakalaumiana.

“Baba, twende!”

“Ngoja kidogo, mami.”

Ganda lilichomoka wakati adhana ya magharibi ikilia. Bosi akaniwekea kiganjani, limebonyea.

“Sema shukran,” baba akaninong'oneza.

Nikasema, machozi yakinitiririka. Bosi akamwambia baba kwamba hajawahi kuona mtoto aliyefurahia zawadi namna ile.