Amplifaya ya Nathanaeli na Ilimba ya Bahi

Milango ya biashara ilipofunguliwa, redio za Dubai zikafurika soko la Majengo, na mafundi wengi wakafunga vibanda vyao. Nathanaeli Matonya hakufunga. Mezani alikuwa na amplifaya aliyoiunda mwenyewe, ya kutumia taa za kioo alizozichomoa kwenye redio kuukuu za misheni.

"Bado tu unaliatamia bati hilo?" Masudi, muuza redio wa kibanda cha pili, alimtania kila asubuhi. "Litaangua lini?"

Nathanaeli aliendelea na kazi yake. Bati lenyewe alilikata kwenye sanduku la shule. Transfoma aliisuka kwa mkono, mzunguko juu ya mzunguko, maana waya wa shaba ukikatika unaanza upya. Na ulikatika, wee!

Yote hayo kwa ajili ya kaseti moja. Marehemu baba yake alikuwa mpiga ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, kule Bahi, na muziki wake ulibaki kwenye kaseti hiyo tu. Mama yake, Mama Ruthu, aliwahi kuusikiliza kwenye redio ndogo, akaomba izimwe.

"Huyo simjui," alisema.

Neno hilo lilimchoma mwanawe. Akaapa kwamba mama atamsikia mumewe kabla hajamfuata.

Sasa amplifaya ilikuwa tayari, na mama yuko njiani na treni. Kwaya ya redioni ilitoka safi kabisa. Alipoweka kaseti ya baba, lo! Kila ilimba ilipolia, nyuma yake ikafuata zzz, kama nyuki ndani ya kibuyu. Akadhani ni vyuma vya transfoma vinatetemeka. Akavikaza. Zzz. Akaifumua, akaisuka tena. Zzz ileile.

Mama alipofika alikuta kaseti inapiga, mwanawe ameshika koleo, macho mekundu.

"Shikamoo, mama. Nisamehe, nimeshindwa. Naivunja, shaba nimpe Masudi."

Mama hakuitikia. Alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Weka koleo chini."

"Mama, ni mbovu. Hiyo zzz huisikii?"

"We mtoto, umesahau? Ilimba ya baba yako ilikuwa na matundu, akiyaziba kwa utando wa buibui ili ivume hivyo. Bila utando hapigi ng'o! Kwenye redio ndogo mvumo huo haukusikika, ndiyo maana sikumjua. Na nani alikuwa akimbandulia ukutani, kama si wewe?"

Nathanaeli akauona ukuta wa tembe lao, vidole vyake vya utotoni vikibandua utando mweupe taratibu usipasuke, na baba akisubiri. Kumbe alibakiza kidogo tu akate kile alichokuwa akikitafuta miaka yote. Akalia, wala hakuona haya.

Mama Ruthu akavuta kigoda, akaketi mbele ya spika. Ndipo akaikumbuka salamu.

"Marahaba, mwanangu. Ongeza sauti. Masudi naye amsikie."