Uzi Uliozunguka Tumbo la Mama

Nilipokuwa mtoto kwetu Gachoka, kitu kinachokua hakikuonyeshwa kwa kidole. Malenge ulilielekezea ngumi. Kupima ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Cucu, mama yake baba, alisema kitu ukishajua ukubwa wake umekiambia kisimame hapo hapo, nacho kitakutii. Alikuwa mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe na Biblia kwapani, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mimi ni mtu wa kushuku tangu nianze kusema, kwa hiyo sikumwamini. Lakini kidole pia sikunyoosha.

Nilikuwa kidato cha pili, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Mwalimu Njeru alipoingia darasani na chungwa. Alilikata katikati, akaweka nusu yake juu ya karatasi na kuchora mduara kuizunguka, mara nne. Kisha akamenya chungwa lote na kupanga vipande vya ganda ndani ya ile miduara. Vikajaa yote minne, vikaishia hapo. Hilo ndilo eneo la uso wa tufe, akasema, miduara minne ya upana wake wenyewe. Nilidhani ametuchezea. Jioni nilichukua limau la Mama lililokuwa duara kama chungwa nikarudia mwenyewe jikoni, nikitafuta alipotudanganyia, na miduara ikajaa vile vile. Nilikasirika kidogo, nakumbuka.

Kesho yake tukaingia kwenye ujazo. Zungusha uzi kwenye kitu, pima urefu wake, gawanya kwa pai iliyozidishwa kwa mbili, upate nusu-kipenyo. Hicho kizidishe chenyewe kwa chenyewe mara tatu, kisha kwa pai, kisha kwa nne, ugawanye kwa tatu. "Muwe waangalifu na huo uzi," alituonya. "Ukipungua sehemu moja ya kumi, ujazo unapungua zaidi ya robo." Akatutuma nyumbani kutafuta vitu vitatu vya mviringo.

Jumapili Cucu alipoenda kanisani nikaanza. Chungu cha maji hakikunisumbua. Cha pili kilikuwa kibuyu. Cucu alikuwa na mmea wa vibuyu uliotambaa juu ya ghala, na kimoja kilikuwa kimenenepa vizuri kuliko vingine, kijani, duara kabisa. Nilizungusha uzi, nikaukata pale ncha zilipokutana na kutia fundo la alama. Cha tatu nikakikosa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua ndengu. Mimba yake ilikuwa imeshaonekana wazi. Mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika, na nyumbani kwetu hakuna aliyezitaja.

"Na hili je?" akaniuliza, akijipapasa tumbo. "Si nalo ni la mviringo?"

Nilitazama njia ya kanisani.

"Pima upesi, na usimwambie cucu wako."

Alikuwa akicheka. Mwaka huo hakuwa amecheka sana, ndiyo maana nilipima. Tumbo si tufe kamili, nilijua, kwa hiyo nililifanya nusu tufe, na kwenye karatasi ya Mwalimu Njeru nikaandika malenge. Alinipa alama zote. Uzi wenye fundo la Mama niliuviringisha nikauweka chini ya godoro langu.

Haikupita muda kibuyu kikaanza kunyauka kitakoni, kikawa laini, kikadondoka. Cucu hakupiga kelele. Aliinama chini ya ghala akatazama udongo kwa muda mrefu, kisha akaniita.

"Wawira, nani aligusa kibuyu changu?"

"Labda ni wadudu, Cucu."

"Wadudu wa siku hizi wanavaa viatu?"

Hakuuliza tena. Lakini tangu siku ile macho yake yalinifuata kila nilikokwenda, mpaka chooni. Alinusa vyombo nilivyoosha. Alihamisha kuku wake waliokuwa wakilalia mayai, akawapeleka nyuma ya nyumba yake. Nami nilimshuku yeye vile vile. Nilijiambia ni yeye aliyekitoboa kibuyu kwa msumari ili anitie adabu, na nilikwenda kulichunguza lile ganda lililooza nikitafuta tundu. Tundu lilikuwepo, dogo sana. Lingeweza kuwa la msumari, lingeweza kuwa la mdudu. Mpaka leo sijui.

Jambo lililoninyima usingizi lilikuwa jingine. Kama kibuyu kilitii uzi, na Mama je?

Sikuamini, na niliogopa. Watu husema huwezi kufanya yote mawili. Wanadanganya. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikachukua ule uzi, nikamwendea Mama akiwa amejilaza, nikamwambia Mwalimu anataka tupime tena. Safari hii hakucheka, lakini aliinua nguo. Nikazungusha uzi. Majuma kadhaa yalikuwa yamepita na nilitarajia ncha zikatae kukutana. Zilikutana. Zilipitana, kidogo, unene wa kidole. Nikaulegeza nikarudia. Zikapitana tena.

"Mbona unapima mara mbili?" Mama akauliza.

Sasa, mwenye kusoma, jiweke mahali pangu. Nikinyamaza, labda mtoto anakufa tumboni taratibu na mimi ndiye peke yangu ninayejua. Nikisema, ninamtia Mama hofu ya mara ya tatu, na Cucu atajua kwamba mimi ndiye niliyezungusha uzi, na kama Cucu anasema kweli, basi mimi ndiye niliyemsimamisha mtoto. Nilikuwa na umri wa kuweza kukokotoa ujazo na sikuwa na umri wa kubeba jambo hilo. Nikalia, nikasema.

Mama aliweka mkono tumboni. "Amekuwa mpole siku hizi," akasema. "Nilidhani anapumzika."

Cucu alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Ulimpima," akaniambia. Hakuwa akiuliza. Kisha akamgeukia Mama. "Ile ya kwanza, ulienda kwa fundi akakuzungushia tepu, ukashonewa gauni la mimba. Mwezi haukuisha. Ile ya pili ukamrudia yule yule."

"Ya pili nilikuwa na malaria, Mama."

"Malaria ilikukuta umeshapimwa."

Nilimtazama bibi kizee yule na kwa mara ya kwanza sikuona ujinga. Alikuwa amehesabu kama nilivyohesabu mimi: tepu, msiba, tepu, msiba. Hata Mwalimu Njeru angesema hapo kuna mfuatano.

"Nipe huo uzi," Cucu akasema. "Fundo lifunguliwe kabla ya jua kuzama. Na hakuna kwenda hospitali. Kule ndiko wanakopima mpaka mkojo."

Mama akainuka. Alikuwa mtu wa kusema pole pole, na hakuwahi kumjibu mama mkwe wake. "Mama, fundo lifungue wewe," akasema. "Mimi naenda Embu."

Akaenda na nguo alizovaa. Cucu alikaa kwenye kigoda akilifungua lile fundo kwa kucha, na lilikuwa limekaza, na nilipotaka kumsaidia alinipiga kofi mkononi. Alipolifungua aliuchoma uzi jikoni, akaomba kwa jina la Yesu.

Hospitali walipima. Walisema mtoto ameacha kukua na maji yamepungua, na asingeachwa humo. Wakampasua Mama usiku ule ule. Kaka yangu akazaliwa mdogo kama pakiti ya sukari, akawekwa kwenye kisanduku cha joto.

Tangu hapo mimi na Cucu tulikuwa na kesi isiyokwisha. Yeye alisema nisingempima asingedumaa. Mimi nilisema nisingempima angezikwa. Nimefundisha hesabu miaka mingi sasa, na kesi ile siwezi kuiamua, kwa sababu hatukuwa na Mama wa pili, asiyepimwa, wa kulinganisha naye.

Lakini nilikuwepo siku Cucu alipokuja Embu kumwona mjukuu. Aliingia wodini akitazama kila kitu kwa jicho la upande, pamoja na kikombe cha chai alichopewa. Muuguzi alikuwa akizungusha tepu kwenye kichwa cha mtoto. Cucu akashika ukingo wa kitanda. Nilijua atampokonya, nikasogea.

"Mnampima kila siku?" akamuuliza.

"Kila siku, cucu."

Alimtazama mtoto. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule maisha yangu yote na nilidhani anauogopa uzi, anaiogopa tepu. Kumbe alikuwa mtu aliyewahi kuambiwa jibu mara mbili, na mara zote mbili lilikuwa baya.

"Na leo," akauliza kwa sauti ndogo, "ameongezeka?"